Mkono Bila Glavu

Kikwajuni, Unguja
14 Oktoba 2024

Afnan mwanangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapotafsiri ni kulikimbilia neno na kumwacha aliyelisema. Wanalichukua neno peke yake, wanalipeleka kwenye kamusi, siku hizi kwenye simu, na wakirudi na neno jingine mtu mwenyewe wamekwisha kumsahau. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo nililolisikia katika ujumbe wako wa sauti, na kwa sababu ningeanza na salamu ungeziruka. Nakujua.

Sasa salamu, na usiziruke. Marahaba. Sisi hatujambo. Mke wa mjomba wako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake haujapata maradhi yoyote. Mwanangu Hafidh kazi imempeleka Pemba, anakuja hapa akipata nafasi, na yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii na kukutumia, kwa hiyo usihesabu siku. Nyumba ya mama yako niliifungua Ijumaa nikafungua na madirisha ipate hewa. Mlimau wa uani umezaa sana, nimewagawia majirani. Bi Jokha wa Wete, yule uliyeniambia mnakaa jengo moja hapo Tottenham, hajambo? Mfikishie salamu zangu.

Tangu tulipomzika mama yako mwezi wa saba, hii ni mara ya kwanza unanisemesha zaidi ya dakika mbili, na umenisemesha juu ya Kispania. Vizuri. Tuzungumze Kispania.

Kama nimekuelewa, katika nyumba ya wazee unayofanya kazi yumo bibi wa Kikolombia, Doña Amparo, aliyeishi London miaka mingi akiuza vyakula sokoni. Maradhi ya kusahau yamemwondolea Kiingereza chote, kimebaki Kispania. Kutwa nzima neno lake ni moja, *mano*. Simu zenu zinasema "hand", mkono, na kila mkiunganisha "hand" na maneno mengine inatoka sentensi ya wazimu. Meneja wenu, kwa kuwa wewe unacho kile Kispania kidogo nilichokufundisha barazani ulipokuwa mdogo, amekutaka uandike karatasi ya kubandika kwenye kabati la bibi, kwa Kiingereza, ili kila anayeingia ajue anasema nini.

Kazi nzuri hiyo, na bahati yako ni kwamba unatoka kwenye Kiswahili. Mwingereza akiusikia mkono anafikiria vidole vitano. Sisi tunampa mtoto mkono wa Idi, na mtoto anajua ni hela. Tunamuunga mtu mkono bila ya kumgusa. Bahili tunamwita mkono wa birika. Mspania naye yuko hivyo hivyo. Akikwambia *échame una mano* anataka umsaidie, na hapo Kiingereza kina bahati, kinasema "give me a hand" na mkono wenyewe unabaki mahali pake. Lakini akisema fulani ana *mano izquierda*, mkono wa kushoto, anamsifu! Maana yake ni mtu mwenye busara ya kuongea na watu. Mimi nilipoambiwa hivyo Havana, kijana mgeni wa masomo, nilinuna siku nzima. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na kumsifu mtu si mojawapo. Ukiitafsiri kwa "left hand" umemtukana mtu aliyesifiwa. Sema "she's good with people", uende zako.

Kwa hiyo sitakupa orodha ya maana. Niandikie wewe: bibi amesema nini, nani alikuwepo chumbani, nini kilikuwa kinatokea, na mikono yake mwenyewe ilikuwa inafanya nini wakati huo. Hapo ndipo tutatafsiri.

Mjomba wako,
Soud

*

Tottenham, London
27 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu nimezisoma mara mbili. Pole ya goti umfikishie mke wa mjomba. Huku leo saa zimerudishwa nyuma na saa kumi na moja jioni giza linaingia. Mimi mzima, nakula, koti zito ninalo. Bi Jokha simwoni sana kwa ajili ya shifti. Nikimwona nampungia tu, lifti inafunga.

Nimefanya ulivyosema. Haya ya kwanza. Jumanne asubuhi, mwenzangu Mwende, Mkenya wa Machakos, alikuwa anampa uji. Doña Amparo akaonja, akarudisha kijiko, akasema *se les fue la mano con el agua*. Mwende akaiweka simu mdomoni kwa bibi, ikatafsiri, akaniita mpaka korido nzima ikasikia.

"Afnan! Kuja hapa! Mama yako anasema mkono umeenda na maji. Hawa watu walikuwa na floods?"

"Sijui, Mwende."

"Si wewe ndiye professor wa Spanish? Uliisomea wapi, kwa zile soap za Mexico?"

Basi kwenye maelezo ya siku hiyo ikaandikwa kwamba bibi anakumbuka mafuriko, azungumzishwe kwa upole juu ya mafuriko.

La pili ni mimi nilipokuwa natandika kitanda. Doña Amparo alinielekezea kidole, akamwambia Jennifer, senior wetu, msimamizi wa shifti, *por ella meto la mano al fuego*. Simu ikasema: kwa ajili ya huyu natia mkono wangu motoni. Jennifer alishtuka kweli. Juu ya rafu bibi ana picha ya Bikira Maria na kijitaa cha mshumaa. Jennifer akakichukua.

"Ni cha betri, Jen," Mwende akamwambia. "Kitachoma nini?"

"I know, love. It's just the fire bit. I'd have to write it down."

Si mtu mbaya, Mjomba. Anatoka Lewisham kila siku kabla ya jua, ana watu kumi na wawili wa kuwaamsha.

La tatu, mwanawe Eddie, dereva wa basi. Kazaliwa hapa, Kispania anakisikia ila anajibu Kiingereza. Akija Jumapili, mama anatazama mikono yake mwenyewe na kusema *con las manos vacías*, mikono mitupu, anarudia mpaka analia. Eddie anasema, "Next week, Ma, I'll bring something," na wiki ijayo analeta maua, na mama analia vile vile.

Sasa lile lenyewe. Mtu akiingia chumbani anasema *dame la mano*, nipe mkono. Akipewa, anaivuta glavu, anaivua kwa nguvu. Sote tunavaa glavu, ndiyo kazi. Jennifer alichubuliwa na kucha, damu kidogo ilitoka. Wengine wawili yamewakuta. Imeandikwa kuwa anashambulia wafanyakazi. Kutakuwa na mkutano mwezi wa kumi na mbili, atakuja mtu wa halmashauri, na wanasema kuna nyumba ya watu wenye tabia ngumu huko Kent, pwani. Ni treni mbili kutoka hapa. Eddie hataweza kwenda kila wiki. Wanawake wa sokoni wanaomletea vyakula vya kwao Jumamosi ndio basi tena. Akipelekwa huko hatakuwepo hata mmoja wa kumjibu, na Kispania nacho kitakwisha.

Eddie nimemuuliza, amesema wataalamu ndio wanaojua.

Mimi najua si kushambulia. Najua tu.

Wako,
Afnan

*

Kikwajuni
25 Novemba 2024

Afnan,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Hafidh alikwama Pemba wiki tatu, na mimi na simu unatujua. Goti limepata nafuu, sasa anayelalamika ni mimi, kwa sababu mwenye goti anatembea tena na anaona vumbi nililokuwa naficha. Nyumba ya mama yako iko salama. Yule paka wake wa rangi ya chungwa amehamia kwangu bila kuuliza mtu. Bi Jokha hukunijibu vizuri. Kupungia watu si kuwasalimu. Umemfikishia salamu zangu?

Haya, kazi.

Ule mkono wa uji. Ungekuwa unapika na Bi mkubwa wako akaonja mchuzi, angesema chumvi mkono umekuzidi. Usingetafuta mkono. Bibi naye anasema uji umetiwa maji mengi. Andika kwenye karatasi: "They've put too much water in it." Kisha mwambie mpishi, maana tafsiri ambayo haikurekebisha uji haijamaliza kazi yake. Na hayo mafuriko yaacheni.

Ule wa moto. Mspania akimwamini mtu kabisa husema yuko tayari kutia mkono motoni kwa ajili yake. Kiingereza cha kawaida ni "I'd trust her with my life". Umefahamu, mwanangu? Bibi alikutolea dhamana mbele ya mkubwa wako wa kazi, na wao wakamnyang'anya taa. Irudisheni.

Ule wa mikono mitupu umenisumbua zaidi, kwa sababu maneno yake ni mepesi. "Empty-handed", basi, hata simu inalijua. Lakini nani anasema? Mwanamke aliyelisha watu sokoni miaka yote hiyo. Anamwambia nani? Mtoto wake, aliyekuja kumtembelea. Na umeniandikia mwenyewe, ndiyo sababu nilikuuliza, kwamba anatazama mikono *yake*. Hamlaumu Eddie. Mgeni amekuja nyumbani kwake naye hana cha kumpa. Maua hayasaidii, maua yanamzidishia deni. Kabla Eddie hajafika Jumapili, mpe bibi sahani ya biskuti ashike yeye. Halafu niambie.

Na *dame la mano*. Hapa nakuomba jambo. Usiandike "Give me your hand". Kwa Kiingereza hiyo ni amri, polisi husema hivyo. Kwanza nijibu: analisema wakati gani, mtu anapoingia, au akiwa katikati ya kuoshwa na kuvishwa?

Mjomba wako,
Soud

*

Tottenham
1 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwenye basi, nisamehe ufupi. Paka huyo jina lake Karafuu, anapenda vichwa vya dagaa, usimpe maziwa.

Biskuti: leo Eddie kaingia, mama kanyoosha sahani kabla hajakaa. Eddie kachukua moja, kaila, kachukua nyingine. Mama hakulia. Eddie ndiye aliyetoka nje koridoni akanigeuzia mgongo kidogo. Baadaye akasema, "All them flowers, man." Kijitaa kimerudi. Jennifer mwenyewe amekirudisha, kabadilisha na betri.

Analisema mtu anapoingia. Kila mara mlangoni. Akishaanza kuoshwa halisemi.

Mkutano ni tarehe kumi na saba. Nimemwambia Jennifer kwamba bibi hashambulii. Akaniuliza kwa uzuri kabisa, "But how do you know, Afnan? She's never once done it to you." Nilisema nina mgonjwa mwingine ananisubiri.

Bi Jokha alibisha hodi kwangu juzi, kanibakishia mkate wa kumimina mlangoni. Nilikuwa ndani.

Afnan

*

Kikwajuni
5 Desemba 2024

Afnan mwanangu,

Marahaba. Karafuu keshakula dagaa wangu wote wa wiki. Hafidh yupo, kwa hiyo hii itakufika leo leo.

Nimeisoma barua yako mara tatu na leo sina Kispania cha kukufundisha. Umeniandikia kila neno la bibi, nani kasimama wapi, nani kasema nini, mpaka betri ya taa. Umekuwa shahidi mzuri kuliko wakalimani wengi niliofanya nao kazi kwa madaktari wa Kikuba. Umeacha jambo moja tu, na ndilo hilo hilo analokuuliza Jennifer.

Jennifer anakuuliza kwa sababu anataka kujua. Akilipata jibu ataweza kulisema mbele ya mtu wa halmashauri. Asipolipata, bibi ataondoka, na si kwa sababu watu ni wabaya bali kwa sababu karatasi yao itakuwa na jambo moja, damu, na upande wa pili hapana kitu.

Mimi sikuulizi kama mjomba. Mjomba anaweza kungoja, nimengoja tangu mwezi wa saba. Nakuuliza kama mtu anayekusaidia kutafsiri. Ulijuaje?

Soud

*

Tottenham
22 Desemba 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nilichelewa kwa sababu nilitaka kwanza mkutano upite. Hali yangu nzuri. Jengo lote lina taa za Krismasi na watoto wa ghorofa ya chini wamenifungia utepe wa dhahabu kwenye baiskeli. Mwende amekwenda Machakos kula Krismasi, amesema ataniletea muthokoi, mahindi yao ya kukobolewa, nimemwambia sijui kuupika, akasema, "Utakula ukiwa unajifunza."

Ulijuaje, umeniuliza.

Hafidh aliponipigia mwezi wa saba nilikuwa kwenye basi asubuhi nakwenda kazini. Aliniambia Mama amefariki alfajiri na anazikwa baada ya adhuhuri. Unajua mwenyewe hakuna ndege ya kunifikisha. Ningeteremka, lakini sikujua niteremke niende wapi. Chumbani kwangu mna kitanda na kiti kimoja, na jiko tunashirikiana watu wanne. Nikimwambia Bi Jokha, wanawake wangekuja, wangekuja na vyakula vyao, na mikeka yao, na mimi ningewaweka wapi? Na wakishakuja, wakishanipa mkono mmoja mmoja, basi ndiyo imekuwa kweli. Nikabaki kwenye basi. Nikaingia kazini, nikavaa aproni, nikavaa glavu, chumba cha kwanza kikawa cha Doña Amparo.

Alinitazama. Wakati ule bado alikuwa na maneno machache ya Kiingereza lakini hakuyatumia. Alisema *la mano*. Nikampa. Akaitazama ile glavu ya buluu, akatikisa kichwa, akaivua kidole baada ya kidole, taratibu kama mtu anayemvua mtoto soksi, akaiweka mapajani kwake. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hakuuliza kitu. Sijui aliona nini usoni kwangu. Nililia, Mjomba, nikiwa nimesimama, na kengele za vyumba vingine zinalia, na yeye hakuniachia mpaka nilipomaliza. Halafu akanipa glavu yangu.

Sikumwambia mtu. Si Mwende, si mtu yeyote. Tangu siku ile kila asubuhi nikiingia kwake naingia mikono mitupu, nimenawa, namwambia *buenos días*, nampa mkono, tunakaa kidogo. Kisha ndipo navaa glavu na kazi inaanza, na hajazivua hata siku moja. Ndivyo nilivyojua. Jennifer na wenzangu wanaingia wameshavaa glavu, wametoka chumba kingine, wana haraka. Bibi anaomba asalimiwe, anapewa mpira.

Niliona haya kulisema, kwa sababu nikilisema hilo lazima niseme na la Mama.

Mkutanoni tulikuwa sita, na yeye mwenyewe kwenye kiti chake cha magurudumu, sahani ya biskuti mapajani. Alimpa mtu wa halmashauri, akachukua moja. Jennifer akasoma yaliyoandikwa. Kisha akanigeukia. Nikasema. Nilisema kwa Kiingereza, yote mpaka mwisho, na Mama nikamtaja.

Jennifer akatazama mikono yake. "I'm always gloved up by the door, aren't I," akasema. "I thought I was saving her time."

Halafu Eddie, ambaye hakuwahi kusema neno mikutanoni, akasema kwamba pale sokoni mama yake alikuwa hampi mtu mkono wenye unga. Wateja wapange foleni mpaka nje, yeye atafuta mikono kwenye aproni kwanza, ampe mteja mkono, amuulize mama yake hajambo, kisha ndiyo arudi kwenye unga. "Drove me mad," alisema. "Every single customer." Akamgeukia mama yake akamwambia, kwa Kispania kibovu kuliko changu, *dame la mano, Ma*. Bibi akampa wa kulia na biskuti kwa wa kushoto.

Nesi akasema hakuna sheria inayotaka glavu kwa kusalimiana, ni za kuoshea na kuvishia. Wameamua abaki, watazame tena mwezi wa tatu. Karatasi imeshabandikwa. Nimeiandika hivi, na naomba unisahihishe:

*"Dame la mano" means "Good morning." Come in with clean, bare hands. Say it back. Shake her hand. Then put your gloves on.*

Juzi Jennifer kanisimamisha koridoni, glavu zake mfukoni. "I didn't know about your mum," akasema. "I'd have sent you home." Nikamwambia ndiyo maana sikusema. Akanishika bega, akaenda.

Sasa umejua. Na wewe, Mjomba, hujaniambia hata neno moja la siku ile. Kila barua nyumba iko salama, mlimau umezaa.

Wako,
Afnan

*

Kikwajuni
6 Januari 2025

Afnan mwanangu,

Marahaba, marahaba. Hatujambo sote, na aliyenenepa ni Karafuu.

Karatasi yako sina cha kusahihisha. Wengi wangekwambia kwamba *mano* si "good morning", na kamusi ingekuwa upande wao. Wewe ulimtazama anayesema, mlango aliokuwa anautazama, na kitu alichokuwa anakisubiri, ukaandika hicho. Miaka yote niliyofanya kazi hii nimekuwa nikiwaambia watu hivyo na sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo. Ila neno moja: ongeza jina lake pale juu, kwa herufi kubwa. Mtu anayeingia amsalimu kwa jina.

Umesema kweli, sikukwambia kitu. Nilidhani nakupunguzia.

Siku ile nilisimama nje ya mlango wa mama yako, na watu walikuwa wengi, mstari ulifika dukani. Unajua desturi, mtu anakupa mkono wa taazia, anasema neno lake, anapita. Wa kwanza alikuwa mzee Mansour fundi saa. Akanipa mkono, akasema lake, kisha hakupita. Akanipa tena. Akasema, "Na huu wa Afnan." Aliyekuwa nyuma yake alimsikia, akafanya hivyo hivyo, na aliyemfuata naye, mpaka mwisho wa mstari. Wanaume kwangu, na ndani wanawake kwa mke wa mjomba wako. Jioni nilikuwa siwezi kushika kikombe. Nusu ya mikono ile haikuwa yangu, ni amana yako, na tangu mwezi wa saba nimekaa nayo. Nimejaribu kuitia kwenye barua, ikatoka mlimau na madirisha. Jambo hili sijui kulitafsiri. Haliendi kwa simu wala kwa picha za Hafidh, lazima mtu mmoja alifikishe kwa mkono wake.

Ukija, yako yote iko hapa inakungoja. Lakini usingoje kuja. Uliogopa huna pa kuwaweka watu. Mwanamke aliyekubishia hodi akaacha mkate wa kumimina mlangoni hatafuti kiti. Ana kwake, ana mikeka yake, na kwa desturi ya kwao Wete kama ya kwetu hapa, hawezi kukupa mkono mpaka wewe umwambie.

Mjomba wako anayekupenda,
Soud

Leo, ukirudi kutoka kazini, kabla hujafungua mlango wako, bisha hodi kwa Bi Jokha, mwambie mama yako amefariki, na umpe mkono.